Tangi la sentimita 90, 120 au 180? Ulinganisho kabla hujahamisha matumbawe yako

Kangaja wangu, samaki wa baharini niliyemfuga ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi na matumbawe, alikuwa na mtindo mmoja. Anaogelea mpaka mwisho wa kioo, anageuka. Anaogelea mpaka mwisho wa pili, anageuka. Kutwa nzima. Tangi lilikuwa la sentimita 60, lita 120 hivi kabla hujaweka mawe, na yeye alishafika urefu wa kiganja. Kumweka humo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Nilimchukua akiwa mdogo kama sarafu, nikajiambia mwakani nitahamia kubwa. Mwakani ikafika, na mimi nikaanza kuzunguka sebuleni na futi kamba kama fundi wa mapazia.

Nimekaa na matangi mawili kati ya matatu ninayoyalinganisha hapa. La tatu liko kwa rafiki yangu Kigamboni, na nimeshalowa mpaka kwapani ndani yake mara za kutosha kulisemea. La kwanza ni la 90×50×50, lenye chumba cha kuchujia nyuma ya kioo cheusi. La pili ni la 120×60×50, lenye tangi jingine la chini, la kuchujia maji, ndani ya kabati. La tatu ni la 180×60×60, nalo lina tangi la chini.

Namuwazia msomaji aliye Dar, Tanga, Mombasa au Unguja: joto, unyevu, umeme wa kubahatisha, bahari jirani. Aliye Arusha au Nairobi atahitaji hita pale sisi tunapohitaji chila (mashine ya kupoza maji), ila hesabu za uzito na maji ni zilezile.

| | 90×50×50 | 120×60×50 | 180×60×60 |
|---|---|---|---|
| Ujazo wa tangi tupu | lita 225 | lita 360 | lita 648 |
| Maji halisi, pamoja na tangi la chini | lita 195 | lita 410 | lita 720 |
| Unene wa kioo | mm 10 | mm 12 | mm 15 |
| Uzito likijaa, na kabati na mawe | kilo 320 | kilo 640 | kilo 1,130 |
| Chumvi ya kujaza mara ya kwanza | kilo 7 | kilo 15 | kilo 27 |
| Kubadili asilimia 10 ya maji | dumu 1 | madumu 2 | karibu madumu 4 |
| Umeme kwa mwezi, pamoja na chila | yuniti 95 | yuniti 195 | yuniti 330 |

Dumu ni la lita 20. Umeme nimeupata kwa kuzidisha wati za taa, pampu, skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu) na chila kwa saa zinazowaka kwa siku, kisha nikajumlisha. Kwako unaweza kupanda au kushuka kulingana na vifaa. Kama mita yako ya LUKU iko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, ile ya yuniti 75 kwa mwezi, hata tangi la 90 peke yake litakutoa humo, na hapo bado hujawasha friji. Watu wengi hawalipigii hili hesabu mapema.

Sakafu, ngazi na mama mwenye nyumba

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na gramu 25 hivi. Tangi la 180 likijaa ni sawa na watu wazima 16 waliosimama juu ya kitanda kimoja cha mtoto, na hawaondoki. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 mpaka 200 kwa mita moja ya mraba, ukiwa umetandaa chumba kizima. Tangi la 120 linakalia mita za mraba 0.72 tu, na papo hapo linashusha kilo 640. Sakafu ya zege haitaanguka kesho kwa sababu hiyo, ina akiba yake ya nguvu. Lakini mahali pa kuliweka usipachague kwa kuangalia sofa limekaa wapi. Liweke pembeni, ubavu kwenye ukuta unaobeba nyumba, karibu na nguzo. Kama uko ghorofani na unawaza la 180, mtafute mhandisi wa majengo umlipe aangalie. Mimi la 180 ghorofani nisingeweka hata kwa ushauri wa mhandisi, lakini huo ni woga wangu.

Tangi la nyumba ya chini, juu ya zege iliyomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa, halina neno.

Mama mwenye nyumba wangu alipoona kioo kinashushwa getini alisimama akashika kiuno. "Mwanangu, bahari yote ile pale Coco, bado unataka nyingine ndani?" Nikamwamkia, nikamwambia ni ndogo tu. Akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza: "Na siku ukihama?"

Mpangaji lazima alijibu hilo kabla hajatoa hata shilingi. La 90 likikaushwa, kioo chake kina kilo 46 hivi. Wanaume wawili wenye akili wanalipitisha mlangoni na linakaa kwenye kirikuu. La 120 lina kilo 76 za kioo, na tatizo lake ni kona za ngazi kuliko uzito. La 180 lina karibu kilo 150 za kioo na urefu wa mtu. Nyumba ya rafiki yangu ilibidi waondoe grili ya dirisha ili liingie. Ikiwa mkataba wako ni wa mwaka mmoja mmoja, na mwenye nyumba hasomeki, la 90 ndilo lako. Ruka hadi kwenye sehemu ya umeme.

Kina kinauma kuliko urefu

Watu hutishwa na urefu wa tangi. Kinachosukuma kioo ni kina cha maji, kwa hiyo tangi la kina cha sentimita 50 lina nafuu kwenye unene wa kioo, kwenye silikoni na kwenye bei kuliko la 60. Lina nafuu pia kwenye mwanga, maana taa ikivuka maji mengi inafifia, na matumbawe magumu yaliyo chini yanabaki na njaa.

Halafu mkono. Kwenye la 50 ninaokota kipande kilichoanguka mchangani nikiwa nimekunja shati juu ya kiwiko. Kwenye la 60 navua shati, napanda stuli, nageuza uso pembeni ili maji ya chumvi yasiingie sikioni, na bado vidole vinapapasa. Utafanya hivyo kila wiki. Sentimita kumi hizo sizioni zina faida gani isipokuwa kwa macho ya mgeni.

Upana ndio wa kununua. Kutoka sentimita 45 za tangi langu la kwanza kwenda 60, niliweza kupanga mawe visiwa viwili vyenye mlango katikati, badala ya ule ukuta wa mawe unaofanana na uzio wa shamba. Maji yanapita nyuma, uchafu haujazani.

Joto

Hapa ndipo pwani inapotuadhibu. Matumbawe mengi yanataka nyuzi 24 mpaka 27 ndani ya tangi. Bahari yetu yenyewe hufika nyuzi 29 au 30 kwenye Machi, na matumbawe yakikaa nyuzi moja juu ya kiwango walichozoea cha kiangazi kwa wiki kadhaa, yanaanza kutema mwani mdogo sana unaoishi ndani yake na kuyapa rangi na chakula. Ndivyo yalivyopauka kwenye ukanda huu mwaka 1998, na tena mwaka 2016. Sebule iliyofungwa mwezi wa pili ni kali kuliko bahari.

Feni ya kupuliza juu ya maji ni njia rahisi, na kazi yake inatokana na uvukizaji: kila lita inayovukizwa huondoka na joto la karibu uniti 0.67 ya umeme. Dodoma, kwenye hewa kavu, feni mbili zinaweza kukutosha mwaka mzima. Dar mwishoni mwa kaskazi, hewa ikiwa imejaa maji tayari, feni ile ile inashusha nyuzi moja na manung'uniko. Tangi la 90 niliwahi kuliendesha kwa feni peke yake kwa msimu mmoja. Lilivuka salama kwa sababu nilikuwa na matumbawe laini tu. Nisingejaribu tena.

Kwenye la 120 na la 180 chila si anasa. Na chila haimalizi joto, inalitoa majini na kulimwaga chumbani. Nimewahi kumkuta mtu ameifungia ndani ya kabati, chini ya tangi, mlango umefungwa ili isionekane. Inavuta hewa yake yenyewe ya moto, inahangaika saa 24, maji yako nyuzi 29 na LUKU inateketea. Iweke mahali hewa inatoka, hata ikibidi bomba litoboe ukuta kwenda koridoni. Hilo lifanye kabla tangi halijaja, maana baada ya hapo hakuna fundi atakayefika nyuma yake.

Pampu nazo ni majiko madogo. Wati 60 za pampu iliyozama ni wati 60 za joto majini, mchana na usiku. Ndiyo maana pampu ndogo inayotosha ni bora kuliko kubwa uliyopewa kwa bei nzuri. Kutoka tangi la chini kwenda juu, maji yakizunguka mara tatu mpaka tano kwa saa yanatosha. Msukosuko wa bahari uachie pampu za mawimbi zilizo ndani ya tangi. Hizo zinakula umeme kidogo sana.

Umeme ukikatika

Kama ningelazimishwa kuchagua kwa kigezo kimoja tu, ningechagua hiki. Usiulize tangi linapendeza vipi saa mbili usiku taa za buluu zikiwaka. Uliza litakuwaje saa tisa usiku umeme ukiwa umekata tangu magharibi na wewe umelala.

Kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Joto linafuata nyuma. Maji ya chumvi ya nyuzi 25 hubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 6.2 hivi, na humo ndani wanavuta samaki, bakteria wa kwenye mawe na matumbawe yenyewe, ambayo gizani yanavuta bila kutoa. Tangi kubwa lina akiba zaidi kwa kila samaki, mradi hujajaza samaki zaidi. Na utajaza. Kila mtu hujaza.

Dawa ni betri na pampu ya mawimbi ya volti ndogo. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ile ya risasi usiinyonye zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Pampu ya wati 15 inaweza kwenda karibu saa 40. Kwa la 90 pampu moja ya namna hiyo inatosha kabisa, na huhitaji inveta. Kwa la 120 ninaendesha pampu ya mawimbi moja kwa moja kwenye betri, na pampu ya kurudishia maji, ya wati 40, kwenye inveta. Usiku mzima nalala. Kwa la 180 rafiki yangu ana betri nne na jenereta. Jenereta inahitaji mtu wa kuiwasha, na mtu huyo ni yeye, kwa hiyo hajasafiri pamoja na mkewe muda mrefu.

Tangi lenye tangi la chini lina mtego wake umeme ukikatika. Pampu ikisimama, maji ya juu yanashuka mpaka mdomo wa bomba la kurudishia ubaki hewani. Kwenye la 120 kila sentimita inayoshuka ni lita 7.2. Kwenye la 180 ni lita 10.8. Kigamboni mdomo wa bomba ulikuwa umezamishwa sentimita tisa, kwa sababu hivyo ulikuwa kimya zaidi. Umeme ukakata, lita 97 zikateremka kwenye tangi la chini lililokuwa na nafasi ya 40. Zilizobaki zilikwenda chini ya sofa, zikapita kwenye zulia, zikakutwa jikoni asubuhi zikiwa na chumvi kamili. Yeye alikuwa ameweka vali ya kuzuia maji kurudi. Konokono mmoja mdogo alikuwa ameketi katikati ya vali.

Kwa hiyo mdomo uwe sentimita moja au mbili tu chini ya uso wa maji, na siku ya kwanza zima swichi kwa kusudi, usimame pale na kitambaa uone yanaishia wapi. Kisha weka alama kwa kalamu ya rangi kwenye tangi la chini: maji yasivuke hapa. La 90 lenye chumba cha nyuma halina habari hizi. Umeme ukikata, maji yanabaki mlemle. Kwa mtu anayesafiri sana, hiyo peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Chumba cha nyuma au tangi la chini

Mbali na mafuriko, tangi la chini linashinda kila mahali. Skima inaingia ya ukubwa unaostahili. Maji yanayovukizwa yanapungua chini, juu mstari hausogei. Hita, dawa, chujio, vyote havionekani. Na unapata lita 90 za ziada bila kuongeza hata sentimita moja ya kioo sebuleni. Chumba cha nyuma kinabana. Mkono wangu hauingii mpaka chini, na pampu ikigoma naitoa kwa kamba ya viatu iliyofungwa kwenye waya wake. Si mzaha, kamba bado ipo.

Uvukizaji wenyewe usiuchukulie kirahisi. Chumvi haivukizwi. La 90 kwangu lilipoteza lita tatu kwa siku. Siku nne bila kujazwa, chumvi inapanda kutoka 35 kwenda zaidi ya 37 kwa elfu. La 120 linapoteza lita tano, na kwa siku nne zilezile linafika 36.8. Tofauti ndogo, lakini upande wa la 120 nina nafasi ya kuweka ndoo ya maji safi ndani ya kabati na kijazio kinachojiwasha chenyewe. Maji ya kujazia yawe ya RO, yaani yaliyosukumwa kwenye utando unaozuia chumvi na uchafu. Maji ya bomba yana klorini, na visima vingi vya Dar vina chumvi ambayo siyo hii tunayoitaka.

Maji ya bahari, au chumvi ya mfuko

Kwenye la 90 siwezi kubishana na mtu: nunua chumvi. Kilo 7 za kuanzia, na karibu gramu 700 kila wiki. Kwenye la 180, kilo 27 za kuanzia na zaidi ya kilo mbili na nusu kila wiki, ndipo unaanza kuitazama bahari kwa jicho jingine.

Maji ya bahari ni bure mpaka uanze kuyabeba. Kujaza la 120 ni zaidi ya madumu 20, kila moja kilo 20 na ushee. Mimi hununua nafasi kwenye boti ya wavuvi, nachota nje, mbali na midomo ya mito na mabomba ya hoteli. Nachota maji yakijaa, siku za maji mafu, kwa sababu siku za bamvua mkondo unatifua mchanga na unaleta kila kitu ufukweni. Masika yakianza sichoti: mvua inashusha chumvi na mito inamwaga uchafu wa mji mzima. Madumu yanakaa gizani, yamefungwa, wiki mbili, kisha napima na refraktomita (kipima chumvi) kabla ya kutia tone. Madumu yawe mapya. Dumu la mafuta ya kula halisafiki, hata uambiwe limeoshwa kwa maji moto.

Matumbawe ni habari nyingine, na hapa sina upole. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975, na matumbawe yote magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Anayekuuzia kipande kilichovunjwa jana usiku anakuuzia kesi, na mara nyingi anakuuzia kitu kitakachokufa ndani ya mwezi. Chukua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi ya wenzako, au vilivyoingia na karatasi zake.

Fundi au la dukani

La 90 lenye chumba cha nyuma nunua lililotengenezwa kiwandani. Vile vipande vya ndani vina vipimo vya kubana na fundi wa mtaani atakuchosha. La 120 na la 180, fundi vioo mzuri anatosha na bei inashuka sana, ila simama naye.

"Bosi, kumi inatosha. Vioo vya duka zima pale vyote kumi."

"Fundi, vioo vya duka havishikilii lita 360. Weka kumi na mbili."

"Sawa, hela yako."

Ndiyo, hela yangu. Silikoni iwe ya akwariamu, isiyo na dawa ya kuvu; ya madirisha ya bafuni itakuulia samaki. Matundu ya mabomba yatobolewe kioo kikiwa bado kwenye meza, na kisiwe kioo kilichochomwa kuimarishwa, maana hicho ukikigusa na drili kinageuka chumvi ya mawe. Iache silikoni ikauke wiki nzima na zaidi, kisha lijaze maji uani, juu ya sehemu iliyopimwa na pimamaji, ulitazame siku tatu. Kabati la MDF likiguswa na maji ya chumvi linavimba kama andazi. Mimi nina fremu ya chuma cha mraba iliyopigwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na mbao juu yake.

Kioo chenyewe kilikuwa kama sehemu ya tano ya gharama zangu zote. Taa, chila na betri ndivyo vilivyokula pesa. La 90 linawaka vizuri kwa taa moja kubwa au mbili ndogo, la 120 linataka mbili, la 180 linataka tatu. Ukiwa na pesa ya tangi la 180 na taa mbili, una pesa ya tangi la 120.

Nani anakaa wapi

La 90: jozi ya samaki wa anemoni, wadogo wengine watatu au wanne, kamba wa kusafisha, matumbawe laini na yale magumu yenye polipu kubwa. Kangaja hapana, hata mdogo, na usijiambie "mwakani".

La 120: hao wote, pamoja na nafasi ya matumbawe ya matawi juu ya mawe, kwa sababu maji mengi hayayumbi haraka. Alkaliniti yako (uwezo wa maji kuzuia asidi) ukiishika kati ya 8 na 9 kwa kipimo cha dKH, kalisi miligramu 400 mpaka 450 kwa lita, ndani ya lita 410 kosa la siku moja linasameheka. Ndani ya lita 195 utaliona kesho yake kwenye ncha za matawi.

La 180: kangaja buluu, ambaye hupita sentimita 20 na hataki kuona ukuta. Huyu ndiye aliyenifanya nikaribie kununua tangi nisiloliweza, kwenye nyumba isiyo yangu, kwa ajili ya samaki mmoja. Wiki nzima nilipiga hesabu za betri za tatu na za nne. Mwishowe nilimpigia simu jamaa wa Kigamboni nikamuuliza kama ana nafasi. Alikuwa nayo. Nikanunua la 120.

Nani achukue lipi, basi: mpangaji, msafiri, au aliye ghorofani, la 90. Mwenye nyumba ya chini na mwenye saa tatu kwa wiki, la 120, na ni hili ninalomshauri karibu kila anayeniuliza. La 180 ni la mwenye nyumba yake, inveta yake, na mtu wa pili nyumbani anayejua vali ipi inafungwa.

Siku ya kuhama

Lianzishe jipya na maji yake siku kadhaa kabla, chila na pampu zikizunguka, mpaka joto na chumvi vilingane na la zamani. Mawe hai yasikae hewani zaidi ya dakika chache. Bakteria walio ndani yake ndio wanaokuepusha na kusubiri wiki nne mpaka sita ili amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, iishe majini. Mchanga wa zamani utupe. Ukiufukua baada ya miaka, unaachia uozo wote uliolala chini, na harufu ya yai viza ikikupanda puani ujue umechelewa. Nunua mpya, chukua kikombe kimoja cha wa juu kama mbegu.

Vaa glavu na miwani ukishika yale matumbawe yanayofanana na vifungo vya shati, na kamwe usiyasugue kwa brashi wala kuyamwagia maji moto. Baadhi yana sumu inayoweza kukulaza hospitali kwa kuvuta mvuke wake tu.

Samaki huhama wa mwisho, taa zikiwa zimezimwa. Kangaja alikwenda kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, pampu ndogo ya hewa ya betri ikipuliza, tukavuka naye kwa pantoni. Mama mmoja aliyekaa kando yangu alifunua kidogo akachungulia. "Huyu mnamkaanga au mnamchoma?"

Tangi la sentimita 60 sikuliuza. Liko jikoni kama karantini, na kila samaki mpya hulala humo mwezi mzima kabla hajakanyaga sebuleni.